Redio tano, masikio mawili

Msomaji mmoja, dereva wa semi anayeishi Columbus, Ohio, ameniandikia hivi:

"Shikamoo fundi. Nina redio tano za SiriusXM, zile za setilaiti za kulipia, kwenye akaunti moja: ya lori langu, ya RAV4 ya mama watoto, ya Corolla anayoendesha kijana wangu chuoni, ya Camry niliyoiuza mwaka jana, na moja ndogo ya kuhamishika ambayo mke wangu anaisikilizia saluni kwake. Kadi yangu inakatwa tarehe tofauti tofauti na kila nikipiga hesabu sipati jumla ileile. Halafu juzi lori limeninyamazia katikati ya Nebraska, na pesa nilishalipa. Hakuna njia ya kulipa mara moja zikaimba zote? Na nikinunua lori la pili la kumpa binamu yangu aendeshe, nifanyeje?"

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na lile swali lenyewe. Hapana, hakuna malipo ya mkupuo mmoja yatakayofungua redio tano. Kila redio inalipiwa kivyake. Ya pili na zinazofuata hupata punguzo, lakini ya bure haipo. Ila ukinifuata mpaka mwisho utaona huna haja ya kulipia tano. Kwa hesabu yangu unahitaji moja na nusu, na hiyo nusu nitaieleza.

Watu wengi wanadhani wanalipia gari. Wengine wanaichukulia kama laini ya simu, kwamba wakibadilisha chombo huduma itawafuata. Unacholipia ni namba. Kila redio ya aina hii imetoka kiwandani na namba yake, na hakuna nyingine yenye namba hiyo. Setilaiti inamwaga matangazo yaleyale juu ya karibu Marekani nzima, kwa aliyelipa na asiyelipa; mawimbi yanayogonga paa la lori lako ndiyo yanayogonga paa la jirani yako wa maegesho. Katikati ya mawimbi hayo hupita ujumbe mfupi: redio namba fulani, fungua, redio namba fulani, funga. Redio ikisikia namba yake inatii. Kama umewahi kuwa na king'amuzi nyumbani, habari ni ileile. Unalipia namba ya kadi, na ukikihamishia king'amuzi kwa shemeji yako, atakayeona mpira ni shemeji yako.

Sasa shika jambo moja, maana matatizo yako karibu yote yametoka hapo. Redio hii ina sikio, haina mdomo. Inapokea tu, hairudishi neno kule juu. Wenye huduma hawajui kama umeiwasha, kama imezama mtoni, au kama imeuzwa pamoja na Camry. Ziko za kisasa zinazochanganya setilaiti na intaneti, zilizoanza na pikapu ya Ram 1500 ya modeli ya 2019, na hizo zina njia ya kuzungumza na ofisi. Kwa maelezo uliyonipa, za kwako si hizo.

Kwa hiyo Camry yako iko pale ulipoiacha kwenye akaunti. Aliyeinunua anawasha asubuhi, anasikiliza taarifa ya habari, anashukuru Mungu kwa gari zuri lenye redio isiyodai pesa. Anayedaiwa ni wewe. Usijilaumu sana. Mimi mwenyewe, fundi wa kazi hii, niliwahi kupeleka pikapu yangu kwa wanunua vyuma, ikasagwa, nikaondoka na hundi yangu mfukoni. Miezi kumi na minne baadaye napitia taarifa ya benki nikakuta naendelea kulipia redio ya gari ambalo pengine limeshakuwa nondo. Kosa lilikuwa langu. Hakuna mtu niliyemwambia.

Tuje Nebraska. Ninavyodhani, mambo yalikwenda hivi. Kwa kuwa kila redio ina tarehe yake, malipo ya lori yaligonga kadi siku ambayo kadi ilikuwa na tatizo, labda imekwisha muda au benki imeizuia. Redio ikatumiwa ujumbe wa kufungwa. Baadaye ukalipa, ukatumwa ujumbe wa kufungua, lakini lori lilikuwa limezimwa uwani au liko chini ya bati la kuoshea malori. Ujumbe huo haukai hewani milele. Ukipita redio ikiwa imelala, umepita. Ndiyo maana pesa imelipwa na redio iko kimya, na pande zote mbili zinasema kweli.

Dawa yake ni ndogo. Toa lori mahali pa wazi, mbingu ionekane bila daraja, bati wala miti minene. Washa redio, weka chaneli 1, ile ya kuonjeshea ambayo hata asiyelipa huisikia. Ikisikika, antena na waya ni vizima na tatizo lako ni la idhini tu. Isiposikika, usipigie mtu simu ya malipo; tafuta waya uliokatika. Halafu kwa simu yako ingia kwenye akaunti, chagua namba ya lori, omba utumiwe ishara upya. Usizime, usihame, usiingie gereji. Mara nyingi dakika chache zinatosha, ila ipe robo saa kabla hujakasirika. Nimeona madereva wanaomba ishara huku wanaendesha kuingia mji wenye maghorofa, halafu wanaomba tena, na tena. Kaa kitako, kunywa chai.

Kazi ya pili inataka daftari. Naam, daftari la karatasi, likae kwenye droo ya lori. Pita redio moja moja uchukue namba yake. Kwa nyingi ukiweka chaneli 0 namba inajitokeza kwenye kioo. Hapa ndipo watu wanapokosea, na kosa la herufi moja linafungua redio ya mtu mwingine asiyekujua. Kuna namba za aina mbili kwa sababu zamani zilikuwa kampuni mbili: XM, iliyoanza kurusha Septemba 25, 2001 kwa dola 9.99 kwa mwezi, na Sirius, iliyofuata 2002 kwa dola 12.95. Ziliungana Julai 2008, lakini redio za kila upande zimebaki na tabia ya kwao. Namba ya ukoo wa XM ina tarakimu na herufi 8. Ya ukoo wa Sirius ina tarakimu 12. Na ile ya XM haitumii kabisa herufi I, O, S wala F. Ukiona duara, andika sifuri. Ukiona kitu kama S, ni 5. Mara ya kwanza nilipoambiwa hivyo nilikuwa nimeshaandika O tatu kwenye kiganja, nimesimama mvuani, mteja ananitazama.

Gari likikataa kuonyesha namba kwenye chaneli 0, ipekue kwenye menyu ya redio, au tumia namba ya chesisi. Kwa magari yaliyotoka kiwandani na redio hiyo, mtandao wao unaweza kuitambua redio kwa chesisi. Kila namba iandikie mstari wake: iko gari gani, nani hasa anaisikiliza, inalipiwa kiasi gani, bei hiyo ni ya kawaida au ya ofa, na ofa inaisha tarehe gani. Safu ya "nani hasa anasikiliza" ndiyo itakayokuokolea pesa. Ukiijaza kwa uaminifu, utaona una redio tano na masikio mawili: la kwako na la mkeo.

Corolla ya kijana, iondoe. Nina watoto wa umri huo. Akiingia garini simu inaunganika yenyewe na muziki wake unaanza kabla hajafunga mlango. Muulize jina la chaneli moja tu anayoipenda pale. Akilitaja, nirudishie lawama. Hiyo redio ilianza bila shaka kwa kile kipindi cha kuonja bure kinachokuja na gari, kikaisha, ukapewa ofa, ofa nayo ikaisha, sasa unalipa bei kamili bila kujua ni lini ulikubali.

Ya Camry, ondoa leo, kabla hujamaliza kusoma. Ukiongea nao, waambie gari limeuzwa na taja tarehe ya mauziano. Kama una nakala ya hati ya kuhamisha umiliki uliyosaini, iwe karibu. Uliza kama watakurudishia chochote cha tangu siku ile. Wanaweza kukupa, wanaweza wasikupe, ila asiyeuliza hapewi. Na kama ulikuwa umeilipia mwaka mzima kwa mkupuo, usikubali muda uliobaki upotee. Omba uhamishiwe kwenye redio nyingine ya akaunti hiyohiyo.

Saluni ina jambo zito zaidi ya pesa, na hapa nakuomba usinichukulie kama mtu wa kukuharibia starehe. Malipo unayofanya ni ya mtu binafsi: garini, nyumbani, masikioni mwako. Hayakupi ruhusa ya kupigia wateja muziki mahali pa biashara. Ule muziki una wenyewe, na kwenye bili yako umeona ada ya hakimiliki imeandikwa mstari wake peke yake. Kwa maduka, mikahawa na saluni kuna kifurushi cha biashara, kina bei yake na redio au vifaa vyake. Shemeji, yaani mkeo, akitaka sauti tu ya kuondoa ukimya wakati anasuka, awashe redio ya kawaida ya FM. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inaruhusu duka dogo, lisilofika futi za mraba 2,000, kupiga matangazo ya redio ya kawaida bila leseni, mradi hatozi watu kiingilio. Saluni ya viti vinne haifiki huko. Ile redio ndogo itoe pale. Nina kazi nayo.

Zimebaki lori na RAV4. Lori ndilo lenye haki ya malipo kamili, na sababu yake unaijua kuliko mimi. Mtu anayezunguka Columbus na simu yenye data isiyo na kikomo hana haja ya setilaiti. Haja inakuja pale barabara kuu ya I-80 inapokata Wyoming, baina ya Rawlins na Rock Springs, simu inaonyesha vijiti viwili, kimoja, halafu hakuna; au ukiwa barabara ya 50 ndani ya Nevada, ambapo unaweza kuendesha saa nzima ukakutana na ng'ombe wengi kuliko minara. Pale juu setilaiti haina habari na minara ya simu. Inakupa habari za BBC, mpira, na mazungumzo ya madereva kwenye Road Dog Trucking bila kukatika mpaka uingie handaki. Kiswahili sijawahi kukikuta humo. Kwa hicho utabaki na simu yako na redio za nyumbani kwa intaneti.

RAV4 ndiyo nusu niliyoahidi. Vifurushi vingi vya siku hizi huja na haki ya kusikiliza kwa programu ya simu kwa akaunti ileile. Hakikisha kwamba kifurushi cha lori lako kinayo. Kama hakina, uliza tofauti ya bei kabla ya kulipia redio ya pili. Kikiwa nacho, shemeji aweke programu hiyo kwenye simu yake, aiunganishe na gari kwa Bluetooth, na nyumbani aiunganishe na spika ya jikoni. Wewe uko Wyoming unasikia kwa setilaiti, yeye yuko Columbus anasikia kwa intaneti, mnalipia namba moja. Kuna kikomo cha simu ngapi zinaweza kusikiliza kwa wakati mmoja, kwa hiyo nywila ya akaunti isigawiwe ukoo mzima mpaka kwa mashemeji wa Minneapolis. Nywila iliyosambaa ndiyo inayofanya mwenye akaunti aambiwe njiani kwamba kuna mtu mwingine anasikiliza, asubiri.

Ila kama shemeji hataki mambo ya simu, anataka kubonyeza kitufe na kusikia, mwachie redio ya RAV4 kwa bei ya redio ya nyongeza. Amani ya nyumba nayo ina bei, na hiyo ni bei ndogo. Angalia tu kwamba kweli wamekuandikia bei ya nyongeza. Nimeona akaunti ambazo kila redio ilifunguliwa siku yake na mtu wake, zikaishia kuhesabiwa kila moja kama ya kwanza.

Sasa mazungumzo yenyewe ya kuondoa redio. Tumia dirisha la kuandikiana ujumbe badala ya kupiga simu, kama una subira ya kuandika. Maandishi unaweza kuyapiga picha. Mtumishi atakupa ofa. Utakataa, atakupa nyingine nzuri zaidi. Ndivyo kazi yake ilivyo, na mazungumzo haya yameshafika mahakamani: Mwanasheria Mkuu wa New York aliishtaki SiriusXM Desemba 2023 akisema inawazungusha wateja wanaotaka kuondoka, na Novemba 2024 jaji aliamua kwamba utaratibu wake wa kukatisha huduma ulikiuka sheria ya shirikisho. Kabla ya hapo, 2014, ililipa dola milioni 3.8 kumalizana na majimbo 45 pamoja na Washington D.C. juu ya malalamiko ya aina hiyo, likiwemo la malipo kujihuisha yenyewe.

Kwa hiyo ingia na orodha yako. Sema: naondoa namba hii na hii, nabaki na hii. Usiseme "nataka kupunguza bili", maana hapo umefungua mlango wa ofa za nusu saa. Kwa redio unayobaki nayo, ya lori, ofa isikilize kwa makini. Hapo ndipo pa kubembeleza, kwa kuwa unaitaka. Uliza maswali mawili: bei hii inaisha tarehe gani, na ikiisha nitatozwa kiasi gani pamoja na ada ya muziki na kodi? Bei ya tangazo huwa haina hivyo viwili. Tarehe waliyokutajia iandike kwenye daftari, halafu weka kengele ya simu wiki mbili kabla yake. Sitaki uwe mtu wa kulipa bei kamili kwa sababu ya usingizi.

Kuna wanaofunga kadi ya benki wakidhani wamemaliza. Usifanye hivyo. Kadi ikikataa, huduma haijakatishwa. Deni linaweza kuendelea kuandikwa, na siku moja ukapigiwa simu na wakusanya madeni kwa kitu cha dola arobaini. Katisha, pata barua pepe ya uthibitisho, ihifadhi, ndipo uchezee kadi.

Nakuja kwenye lori la pili, ambalo naona ndilo linalokusukuma. Kama ni la mtumba, siku ya kulikagua weka chaneli 0 uchukue namba, halafu sikiliza chaneli mbili tatu. Likiimba, usimwambie binamu kwamba lori lina redio ya bure. Ama ni kipindi cha kuonja, ama mwenye lori wa zamani kasahau kama wewe ulivyosahau Camry, na siku akikumbuka itazimika. Kama lori ni la kukodi kutoka kampuni, usifungue chochote kwa kadi yako kabla ya kuuliza redio iko kwenye akaunti ya nani.

Mimi nisingelipia redio ya kiwandani ya lori la pili. Madereva wanabadilika. Binamu leo yuko, kesho kapata kazi ya njia fupi, na namba inabaki ndani ya lori. Ile redio ndogo ya saluni ndiyo ninayoitaka hapa. Redio za aina hiyo hukaa kwenye kitako, yaani kishikio cha kuichomekea redio, na kitako kinaweza kuwa kimoja nyumbani, kimoja lori hili, kimoja lori lile. Unachomoa redio na kuichomeka penye safari ndefu. Namba moja, malipo mamoja, vitako vitatu. Haiwezi kuimba sehemu mbili kwa pamoja, na hilo binamu aelewe tangu mwanzo. Lakini kwa kuwa lori lako lina redio yake, hii itakuwa ya kwake wiki nyingi. Akiacha kazi, redio inarudi kwako mfukoni.

Kuna mambo ya ufundi ambayo sanduku la vifaa halikuambii. Antena inayokuja na kitako cha gari ina sumaku chini, imetengenezwa kwa paa la chuma. Paa na boneti ya malori mengi ni aluminiamu au fibaglasi. Utaiweka, utaondoa mkono, itateleza mpaka chini. Nimeokota moja hivi mimi mwenyewe kwenye kituo cha mafuta, ikiwa bado na waya wake umekatwa na tairi. Nunua antena ya malori inayofungwa kwa boliti kwenye mkono wa kioo cha pembeni. Ifunge juu, isizibwe na kibanda cha kulala, maana setilaiti hizo ziko juu ya ikweta na kwetu huku zinakaa upande wa kusini, kama katikati ya upeo wa macho na utosi. Lori likielekea kaskazini, kibanda ndicho kinachosimama baina ya antena na setilaiti. Waya upitishe kwenye kona ya chini ya mpira wa mlango, uuache na mkunjo kidogo ili maji ya mvua yadondoke nje badala ya kufuata waya mpaka ndani ya dashibodi, na usiupitishe karibu na bawaba. Waya uliobanwa na bawaba hufa polepole: wiki ya kwanza unakatika ukipiga breki, ya tatu umenyamaza.

Sauti nayo usiipitishe kwa FM kama lori lina tundu la AUX. Redio hizi hujua kurusha sauti kwa FM mpaka kwenye redio ya gari, lakini masafa yaliyo matupu Columbus yana kituo chenye nguvu ukifika Indianapolis, na mengine ukifika Chicago. Dereva anaishia kutafuta masafa badala ya kutazama barabara. Waya wa AUX ni wa dola chache.

Mkivuka Detroit kuingia Windsor, msihangaike. Redio iliyolipiwa Marekani inaendelea kuimba kusini mwa Kanada. Anayeishi Kanada ndiye mwenye kampuni na malipo yake tofauti. Ila nyinyi mnaotuma magari nyumbani, hasa ndugu zetu wa Kongo na Burundi ambao usukani wa kushoto hauwasumbui, ondoeni namba kwenye akaunti kabla kontena halijafungwa. Setilaiti hizi zinaangalia Amerika Kaskazini peke yake. Gari likiteremka Lubumbashi, kile kitufe ni pambo. Afrika tulikuwa na redio yetu ya setilaiti, WorldSpace, ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia, iliyorusha matangazo kwa setilaiti ya AfriStar, iliyopaa Oktoba 1998. Na wachache wanajua kwamba kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa wenye hisa wa mwanzo wa XM kabla ya kujitoa 1999. Iliomba kinga ya kufilisika Oktoba 2008, miezi mitatu tu baada ya ndugu zake wa Marekani kuungana.

Mwisho ni suala la tarehe zako za kukatwa kadi. Ukibaki na redio mbili, ya lori na hii ndogo, waombe wazisogeze ziwe siku moja, na siku hiyo iwe baada ya malipo yako ya mzigo kuingia, si kabla. Kitako cha lori utakipata kwenye maduka ya vifaa vya malori kando ya barabara kuu. Kabla hujalipa, linganisha modeli iliyo nyuma ya redio na iliyoandikwa kwenye kasha, kwa kuwa vitako vya zamani havishiki redio zote. Ukiona tundu la antena halilingani, nipigie picha ya pande zote mbili unitumie.